Miezi Minne ya Kupaka Kichwa cha Florian

Jumapili, 6 Juni 1993. Bweri, Musoma.

Dada Getruda, nisamehe. Chupa za dawa ya nywele zilinifikia Februari, salama, hata moja haikuvunjika. Na daftari hili pia. Ulisema niandike kila siku nywele za mume wangu zinavyoota, ili yule daktari wa ngozi unayemfanyia usafi huko Nairobi apate kuona. Leo ndiyo siku ya kwanza. Miezi minne! Sina la kujitetea ila Wankyo. Ana miezi kumi na hataki kuwekwa chini. Naandika yuko mgongoni. Ukiona mstari umekatiza ukurasa, ni yeye.

Hali ni hii. Florian ana miaka thelathini na nne. Kichwa chake kina hamsini. Mwaka tuliooana nywele zilianza kurudi nyuma pembeni, sasa pembe mbili zimekutana katikati. Kiwandani wanamwita mzee. Zamani nilikuwaga nacheka. Sasa sicheki. Kile kiwanda chao cha mafuta ya pamba kimepata mwenyewe mpya, na Jumanne ya tarehe kumi na tano anakuja kuwaona wafanyakazi mmoja mmoja. Inasemekana anataka vijana. Wazee wakapumzike. Watakula nini huko kwenye kupumzika, haikusemwa.

Kwenye faili la Florian hakuna tarehe ya kuzaliwa. Karani aliandika tu "mtu mzima". Kwa hiyo bosi ataangalia kichwa. Hesabu yangu ni hiyo na haina kosa.

Florian yeye anataka kwenda parokiani Mugango akachukue cheti cha ubatizo. Nikamwambia cheti hakioti kichwani. Akainuka akatoka nje.

Jumatatu, 7 Juni.

Kupaka kama kawaida. Kabla ya uji Florian anakaa kwenye kigoda, mimi nasimama nyuma yake, Wankyo nyuma yangu. Namimina dawa kiganjani, nasugua mpaka nihesabu mia mbili. Halafu namvuta Wankyo mbele, nampangusa uso, nanyonyesha. Jioni tena.

Na zimeota, dada! Laini, kama za kifaranga. Leo nilimtoa juani nikahesabu. Upande wa kulia sitini na tatu. Upande wa kushoto sikufika, aliinuka akasema anachelewa kazini.

Ndiyo saa pekee tunayoongea siku hizi. Leo aliniuliza kama nakumbuka foleni ya sabuni mwaka wa themanini na tatu, alivyonishikia nafasi tangu alfajiri wala hanijui jina. Nikamwambia asitikise kichwa, dawa inamwagika.

Bombani nikamkuta Mwamvita, jirani. Mume wake Twalib yuko idara moja na Florian, ya kukamua. Nywele za Twalib unaweza kupoteza chanuo ndani yake wiki nzima. Mwamvita akaniuliza mbele ya watu, "Mama Wankyo, kila asubuhi naona mkono unakwenda mbio. Unampaka mwenzio au unampiga msasa?" Wanawake wakacheka mpaka wakashika kuta. Akaongeza kwamba Twalib wake analala usingizi, bosi akimwona tu atasema huyu abaki. Nimerudi na nusu ndoo na hasira nzima.

Jumatano, 9 Juni.

Dawa imebaki chupa moja, siku zimebaki sita. Nikaona nitafute kitu cha kuharakisha. Nikaenda Bunda.

Kuna kliniki ya mtu binafsi pale, siku hizi imeruhusiwa tena. Daktari Nyamhanga, mzee mpole, miwani imefungwa uzi. Akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikasema yuko kazini, mimi nimeleta maelezo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kipara cha kurithi si ugonjwa, na dawa yangu ndiyo yenyewe, ila inasaidia zaidi utosini kuliko mbele, na ukiacha kupaka zinadondoka zote. Kwa hiyo ni ya maisha. Nikauliza sindano. Akasema hizo ni za vipara vya viraka viraka, siyo hiki cha baba kwa mtoto. Nikauliza kisu. Akasema kipo, lakini mbali, huko kwenye pesa. Wanachukua vipande vya ngozi kisogoni, maana nywele za kisogo hazifi, wanavipandikiza mbele kama miche. Wengine wanaikata ngozi ya kipara yenyewe, wanavuta pande mbili, wanashona.

Nikauliza kama yeye anaweza kushona.

Akavua miwani. Akasema yeye anashonaga majeraha ya panga. Nikamuuliza tofauti iko wapi.

Alikuwa anamwangalia Wankyo. Akauliza hizi nywele za kwenye paji la uso zimeanza lini. Dada, kweli! Zimeshuka mpaka zinakaribia nyusi, na shavuni ziko. Mimi nilisema amewafuata mashangazi zake. Daktari akaniangalia na mimi, hapa juu ya mdomo, palipoota vinyweleo. Akauliza nikimaliza kupaka kama nanawa mikono. Akaomba ile karatasi iliyokuja na chupa. Chini kabisa, kwa Kiingereza, imeandikwa unawe na usiwaguse watoto. Mimi nilisoma mpaka kwenye picha.

Akasema nimefanya kazi nzuri sana, ila kwa mtu asiyehitaji. Nisitumie tena mkono mtupu, za mtoto zitadondoka zenyewe baada ya miezi. Nilimbusu Wankyo lile paji lake nikaona aibu. Sikulia. Karibu.

Wakati natoka kitambaa changu kikateleza, akaona na nywele zangu. Zinatoka na kitana kwa mafungu, tangu nijifungue. Akasema ni uzazi na uchovu, zitarudi, nile mboga za majani, nilale. Nilale! Nilicheka barabarani peke yangu mpaka Wankyo akaamka. Daktari nilishamwambia sikuja kwa ajili yangu.

Nimeshona glavu kwa mfuko wa sukari. Kazi inaendelea.

Ijumaa, 11 Juni.

Msiba. Baba mkubwa Magige wa Butiama amefariki jana. Ndiye aliyemlea Florian baada ya baba yake kuzama ziwani.

Mungu anisamehe. Neno la kwanza lililonijia si pole. Ni wembe.

Kwa watu wa Florian, kesho yake baada ya kuzika, wanaume wa ukoo wananyolewa. Wote. Vichwa vinabaki kama mayai. Kuzika ni Jumamosi. Kunyoa Jumapili. Bosi ni Jumanne!

Nikamwambia Florian augue. Homa tu, ya siku tatu. Akasema, "Mama Wankyo, yule mzee alinibeba mgongoni kutoka Mugango." Akaenda kupiga pasi suruali nyeusi.

Basi. Njia ya pili. Wembe anaushika shangazi Gati. Shangazi Gati anapenda sukari kuliko watu. Nimeweka kilo mbili kwenye kikapu.

Jumapili, 13 Juni. Butiama.

Naandika nyuma ya nyumba ya msiba. Nataka kumpiga mtu, na mtu mwenyewe ni mimi.

Asubuhi nilimfuata shangazi Gati jikoni na sukari yangu. Nikapiga goti. Nikamweleza kazi ya Florian iko hatarini, bosi anakuja, tafadhali shangazi, mwenzetu umnyoe alama tu, marehemu ataelewa. Akaonja sukari kwa kidole. Akasema marehemu alikuwa mtu mwelewa. Alama inatosha. Nilimbusu mikono.

Wanaume wakapanga mstari. Shangazi na wembe, na bakuli la maji. Zamu ya Florian ikafika. Shangazi akanikonyeza. Akamshika kichwa, akamwinamisha, na alama yake akaiweka mbele. Juu ya paji la uso! Palepale! Pembe hadi pembe! Akaniambia kwa sauti ya kunipendelea kwamba amechagua mahali penye vinyoya vichache, ili nywele nzuri za nyuma zibaki za kumwonyesha bosi.

Miezi minne, dada. Ilikwenda kwa mikwaruzo mitatu. Nikaziona zinaelea kwenye bakuli. Nikapiga yowe. Akina mama wakanishika, wakasema huyu mkwe alimpenda sana marehemu.

Sasa Florian amebaki na nywele kisogoni na juu ya masikio tu, kama babu wa kupokea pensheni. Mashemeji wakaanza kumwamkia shikamoo. Akajigusa kichwa. Akarudi akakaa kwenye kile kiti, akamwambia shangazi amalizie.

Akamalizia.

Akainuka mweupe kabisa, hana hata moja. Nikamtafuta kipara sikukiona. Kiko wapi, wakati kichwa chote ni kimoja? Alikuwa kama yule kijana wa foleni ya sabuni. Nikageuka nisimwangalie. Kazi imeharibika, hakuna cha kuangalia.

Jumanne, 15 Juni.

Tulisimama getini toka saa moja, mimi na Mwamvita. Yeye alimpaka Twalib mafuta ya nazi mpaka nywele zinang'aa, akamchania juu kama mnara. Akamwona Florian wangu. Akasema pole ya msiba, kisha akasema, "Lakini angalau sasa unajua pa kuishia kupaka: shingoni."

Saa nne gari likaingia. Bosi akashuka.

Ana kipara. Dada Getruda, kipara kama sufuria mpya! Hata nyuma hana.

Hakumwona mtu hata mmoja. Akaingia ofisini, karani akatoka na karatasi, akaigonga mlangoni kwa msumari. Imepigwa chapa zamani, hata kona zimejikunja. Haina umri. Haina majina. Ina idara. Idara ya kukamua yote imefungwa, mashine inang'olewa. Watu thelathini na mmoja, wazee na vijana. Florian. Twalib na mnara wake.

Mwamvita alikaa chini palepale kwenye vumbi. Nilikuwa na maneno mazuri tangu Jumatatu ya bombani, nimeyapanga. Nilimshika mkono tu.

Florian akavua kofia akasoma karatasi mara mbili. Akacheka kidogo, kile kicheko kisicho na sauti. Kisha akaja akamfungua Wankyo mgongoni kwangu. Miezi minne nilikuwa simpi, kwa kuogopa asimfute dawa kichwani. Akamweka mabegani. Wankyo akakishika kile kichwa kwa mikono miwili kama amepewa mpira. Wakatembea hivyo hadi nyumbani. Mimi nyuma, mgongo mwepesi, najisikia nimesahau kitu.

Alhamisi, 17 Juni.

Florian anataka twende Mugango. Kaka yake ana shamba la mihogo na zamu kwenye mtumbwi wa dagaa. Amesema atapita parokiani achukue kile cheti, basi tu awe nacho.

Leo asubuhi alikaa kwenye kigoda bila kuitwa. Nikamwambia hakuna cha kupaka, kichwa kitupu. Akasema si neno, nisimame tu hapo. Nikasimama. Akaniuliza kama nimelala. Nikasema nimelala. Akasema mwongo. Tukakaa hivyo mpaka uji ukaungua.

Na hapo nyuma ya kile kichwa nilipata nafasi ya kufikiri, nikaona tulipokosea. Siku zilikuwa chache. Kama nywele zingekuwa zimejaa, bosi angekiona kichwa kile dirishani, angetoka, angeuliza yule kijana ni nani. Mtu mwenye kipara anatamani nywele, hawezi kuzifukuza. Ukisema mbona Twalib kafukuzwa, Twalib ana mvi mbili juu ya sikio. Nimeziona. Mwamvita amekuja kuomba chumvi, macho yamevimba, ameniuliza kama hiyo dawa inatibu mvi. Nimemwambia nitakuuliza.

Huko Mugango tusiende kwanza. Kuna kiwanda cha samaki kinaanza kuajiri mwezi wa nane. Wafanyakazi wote wanavalishwa kofia nyeupe mpaka masikioni, huoni unywele wa mtu. Sawa. Lakini siku ya kuitwa watavua.

Nampa daftari hili mama mmoja wa mtaa wa Mukendo, hapa mjini, anayekuja Nairobi kuchukua mitumba. Atarudi baada ya wiki mbili. Mpe haya:

Dawa ileile, chupa sita. Saba kama zipo, tuanze mapema.

Glavu za mpira, mkono mdogo. Mfuko wa sukari unavuja.

Karatasi ya maelekezo, umwombe mtu akuandikie kwa Kiswahili. Yote, hadi chini.

Kofia mbili za kitambaa. Moja ya Florian, mpaka ziote. Moja ya Wankyo, mpaka zidondoke.

Jina la daktari wa kupandikiza, yule wako wa ngozi atamjua, na umuulize swali moja kwa niaba yangu, usione aibu: kama nywele za kisogo cha mume hazitoshi, anaweza kutumia za mke? Zangu hazihitaji kisu. Zinatoka zenyewe kila asubuhi, na tangu jana nimeanza kuziweka kwenye kopo.