Tanboi wa Ndege

Jamaa zangu wa kazini Aden, leo nimepatikana.

Naandika barua hii barazani kwa Mjomba Shomari, hapa Mkuza. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Upepo unataka kuondoka na karatasi, kwa hiyo nimeikandamiza na kipande cha mbao ambacho nitawaeleza kilikotoka. Jibu la Mzee Mwinjuma litakuja baada ya sala ya alasiri, na sasa ni saa nane na nusu tu. Mimi na kungoja hatujawahi kupatana, mnajua. Ndiyo maana haya yote yametokea.

Mzee Mwinjuma ni baba yake Zaina. Na Zaina ni yule niliyewachosha masikio kwa habari zake mwaka mzima. Likizo hii nimeichukua kwa ajili yake. Wiki iliyopita tulipeleka posa kwao Msimbu, Mjomba Shomari akiwa msemaji, mimi nimekaa pembeni na kanzu mpya inayowasha shingo.

"Kijana anafanya kazi gani?" Mzee akauliza.

"Ni rubani," Mjomba akasema, kwa sauti ya kusikika hadi uani. (Angeishia hapo ningemshukuru mpaka leo.) "Rubani wa pili."

"Wa kwanza ni nani?"

Nikajibu mwenyewe. "Ni kapteni, baba."

"Yeye akiendesha, weye unafanya nini?"

"Namsaidia, baba."

"Basi tanboi," Mzee akasema, akanyanyua kikombe chake cha kahawa.

Inabidi mwelewe. Mzee Mwinjuma ameendesha lori la tajiri mmoja wa Kisarawe miaka mingi, akipanda vilima vya Maneromango masika na kiangazi. Kwake dunia ina watu wa aina mbili, dereva na tanboi. Tanboi anakaa nyuma juu ya magunia. Lori likishindwa mlima anaruka chini na kabari mkononi, anakimbia kuikingamisha kwenye gurudumu, kisha anakwenda kumfungulia dereva mlango. Mtu wa namna hiyo hapewi binti. "Nitamwoza siku nikimwona kwa macho yangu anaendesha," akasema, na mazungumzo yakaisha.

Tangu siku ile sikutulia. Nilitembea Kisarawe yote, nikapanda kilima, nikashuka, mpaka watu wakaanza kumuuliza mama kama nimepoteza kitu. Ndipo nikamkumbuka Bwana Stavro.

Stavro ni Mgiriki mwenye shamba la mkonge huku Kibaha. Aliwahi kuwa abiria wetu, tukazungumza. Ana kindege cha watu wawili ambacho hukirusha kila Jumapili kwa kujifurahisha tu. Hapeleki barua, hapeleki mgonjwa. Anaruka, anazunguka, anarudi alipotoka. Nilipomwomba aniazime ili mkwe anione, alicheka mpaka akakohoa, akakubali. Mjomba akaenda Msimbu kumwalika Mzee.

Leo asubuhi na mapema nikawa shambani, nimevaa sare. Yote. Na kofia. (Ndiyo, kwa kindege cha turubai.) Maana mwili wake ni turubai iliyopakwa rangi, ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Hakina cha kuwashia injini. Mtu anasimama mbele anazungusha pangaboi kwa mikono, injini ikishika anaruka pembeni. Chini ya magurudumu kuna kabari mbili za mti, zisipokuwepo kinaondoka chenyewe. Nikamwambia Stavro kwamba mtu aliyezoea kubeba abiria ishirini kuvuka bahari hawezi kusumbuliwa na kitu hiki. Nikapanda, nikakaa kiti cha kulia.

"Rubani hapa kaa kushoto," Stavro akasema.

Kwenye ndege kubwa pia kapteni anakaa kushoto, mnajua, lakini makalio yangu yamezoea kulia miaka mitatu. Nikahama kimya kimya. Stavro akazungusha pangaboi, akatoa kabari, nikaondoka peke yangu.

Niseme kweli, nilifurahi mno. Kazini kwetu kuruka ni karatasi. Uzito wa mizigo, uzito wa mafuta, kapteni anasoma orodha nami naitikia kama niko chuoni. Leo hapakuwa na orodha. Nilifungua dirisha, upepo ukaniingia mikononi mwa shati, nikaivuka barabara kuu, nikaelekea Kisarawe. Nikaliona bati la msikiti wetu, nikaiona njia ya Msimbu nyekundu kati ya mikorosho. Mwanamke mmoja alisimama shambani, akanipungia jembe. Sijawahi kupungiwa na mtu kule juu tunakopitaga. Moyo ulinipanda, nikaanza kuimba, nami siimbi.

Kisha ikabidi kutua. Kwenye ndege yetu, magurudumu yakigusa chini, macho ya rubani bado yako juu karibu na usawa wa paa la nyumba. Macho yangu yanajua hivyo. Nilipofika usawa wa paa nikaona nimefika, nikainua pua, nikatulia kwa heshima zote. Nilikuwa bado hewani. Kindege kikaanguka, kikaruka, kikaanguka, kikaruka, mpaka kofia ikanishuka puani.

"Umetua mara tatu," Stavro akasema. "Mimi hesabu."

Saa nne lori likawaleta Mzee Mwinjuma na Mjomba. Nashukuru hawakuniona nikirukaruka. Ila wakata mkonge wote wa shamba wameniona, na kwa kuwa Jumapili hawana kazi, walibaki kungoja mengine.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ndicho hiki?" Mzee akakizunguka kindege, akakipapasa. "Kimeshonwa?"

Stavro akasema anakwenda nyumbani kwake mara moja kuagiza chai ya wageni. Akaninyooshea kidole. "Ngoja mimi. Mtu mmoja hapana zungusha." Akaondoka.

Sasa sikilizeni makosa yangu, na yote yametokana na adabu. Mzee alipopanda alikwenda moja kwa moja kiti cha kushoto. Kwenye lori kushoto ni kwa abiria, dereva yuko kulia. Kwa hiyo mkwe wangu amekaa kiti cha rubani, ameweka mkongojo katikati ya magoti. Mimi nimtoe vipi? Baba mkwe huli naye sahani moja, humkatizi maneno, humpiti mbele bila kuinama, halafu nimwambie sogea, umekaa kwangu? Nikajisemea usukani uko pande zote mbili, nitaendesha kutoka kulia kama nilivyozoea. Wakati anajivuta kukaa, mkono wake ulishika kipini cha mafuta, kile ukikisukuma mbele injini inapata nguvu. Kikaenda mbele. Nilikiona kikienda. Nikasema, "Karibu sana, baba."

Nilikusudia kukirudisha akigeuka upande mwingine. Lakini hakugeuka. Alikaa, akarekebisha kofia yake, akanitazama.

"Tunangoja nini?"

"Tunamngoja Bwana Stavro, baba."

"Ahaa," Mzee akasema. "Dereva."

Jamani. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Nilishuka pale kama niliyemwagiwa maji ya moto. Nikawasha swichi. Nikaona kabari zitanichelewesha (kwetu Aden kuna watu wa chini wanaoziweka na kuzitoa, mimi kazi yangu kuwapungia mkono kutoka dirishani), nikatoa moja kabisa, nikaacha moja. Nikazungusha pangaboi kwa nguvu zote za mtu aliyeitwa tanboi mara mbili kwa wiki moja.

Injini ikashika. Kile kipini nilikuwa nimekisahau mbele, ikanguruma yote.

Kindege kikaizunguka ile kabari iliyobaki mara moja nzima, nami nimening'inia kwenye mguu wa bawa, kikanitupa mchangani. Kisha kikairuka kabari na kuondoka. Mkwe wangu ndani. Mkwe wangu mmoja tu.

Nilipoinuka nilikuwa na kabari mkononi. Sijui niliiokota saa ngapi. Nikakimbia. Kofia ilikwenda, kiatu kimoja kilikwenda. Kindege kilikuwa kinapinda kuelekea kwenye waya za kuanikia nyuzi za mkonge, na mimi nyuma yake nikitafuta namna ya kumwamuru mzee kama yule. Kazini ningepiga kelele, "Kata mafuta!" Hapa ulimi ulikataa.

"Shikamoo baba!" nikaita. "Samahani baba! Kama haitakuwa taabu, hicho kipini!"

(Nilishamwamkia asubuhi, najua.)

Akatoa kichwa dirishani, mkono mmoja juu ya kofia. Wallahi aliitikia. "Marahaba!" Kisha akaniona ninavyokimbia, akaiona na ile mbao, na uso wake wote ukabadilika. Akawa mtu aliyerudi kwenye vilima vya Maneromango.

"Kimbia, kijana!" akapaza sauti. "Kabari! Weka kabari!"

Nikakimbia zaidi. Na yeye, bila wasiwasi wowote, akakitazama kile kipini alichokuwa amekisukuma, akakivuta nyuma. Injini ikatulia. Kindege kikapunguza mwendo, kikaingiza pua taratibu kwenye nyuzi za mkonge, kikasimama. Pangaboi likajiviringishia nyuzi nyeupe na kuzimika. Hakuna kilichovunjika. Mzee hana hata mkwaruzo.

Ningeishia hapo ningekuwa na la kujitetea. Lakini miguu ilikuwa bado ina mwendo na kichwa hakikuwepo. Nikafika nikihema, nikapiga goti, nikaiweka kabari mbele ya gurudumu la ndege iliyokwisha kusimama. Nikaigonga na ngumi ikae sawasawa.

Wakata mkonge walisogea wote kuona. Mzee Mwinjuma akainama kutoka kiti cha kapteni, akaikagua kazi yangu.

"Vizuri," akasema. "Sasa nifungulie mlango."

Nikamfungulia.

Basi kelele zilizozuka pale, nadhani ninyi huko Aden mmezisikia. Mtu mmoja aligaagaa chini. Stavro alikuja mbio, kikombe mkononi, akaona nyuzi, akaona mimi na kiatu kimoja, akageuka akarudi ndani. Mjomba Shomari, msemaji wangu, damu yangu, alijifunika uso kwa kofia na mabega yakawa yanamtikisika.

Mzee peke yake hakucheka. Alisema anakwenda kusali adhuhuri msikiti wa hapa Mkuza, na jibu la posa atalitoa baada ya alasiri. Nimeondoka na ile kabari bila kujua, ndiyo inayokandamiza karatasi hii.

Nimesimama tena. Nimekwenda mpaka njia panda nikarudi. Naogopa, jamani, sifanyi mzaha. Nilikuwa nikidhani nataka Mzee aniite rubani. Sasa aniite anavyotaka, ilimradi Zaina nimpate.

Adhana hiyo.

Wametoka msikitini. Mjomba anakuja peke yake, polepole, makusudi. Naiacha kalamu.

Nimerudi. Haya ndiyo maneno ya Mzee Mwinjuma, kama Mjomba alivyoyafikisha huku akijikaza. Kwamba rubani hakumwona, kwa hiyo habari ya rubani isirudiwe tena nyumbani kwake. Kwamba katika miaka yake yote barabarani amekuwa na matanboi wengi, na lori likianza kuteleza wengi wao walikuwa wakirukia majanini kujiokoa. Huyu wa leo alikikimbilia kindege, na hata kilipokwisha kusimama bado aliweka kabari. Kwamba mtu huyo anaweza kukaa na binti yake. Mkeka utandikwe Ijumaa, na bwana harusi aje kwa lori, akae nyuma.

Nimelia kidogo, Mjomba akasingizia vumbi kwa niaba yangu.

Kwa hiyo naoa. Na yeyote kati yenu atakayecheka, akumbuke kwamba narudi kazini mwezi ujao, na kabari nakuja nayo.