Kila Mtoto Akilia Anaitwa Muigai

Munyaka, Eldoret

Kwa mkwe wangu, Mzee Njenga,

MINTARAFU: MATUMIZI MABAYA YA JINA LANGU NYUMBANI KWAKO, KAPSOYA

Pokea salamu zangu za heshima. Tangu binti yangu Kabura amzalie mwanao Stephen wavulana watatu kwa mpigo, nimekaa kimya nikitumaini kwamba mambo yatajirekebisha. Hayajajirekebisha.

Desturi yetu unaijua. Mvulana wa kwanza huitwa jina la baba wa mume, ambaye ni wewe. Wa pili huitwa jina la baba wa mke, ambaye ni mimi. Wa tatu huitwa jina la kaka wa mume, yaani Kiarie. Kwa kuwa watoto hawa hawatofautiani hata kwa ukucha, Kabura aliwafunga nyuzi mikononi, kila mmoja rangi yake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkeo, Mama Waceke, alipokuwa akiwaogesha, aliona nyuzi zinachuja rangi, akazikata zote. Watoto waliingia karaini wakiwa na majina, wakatoka bila.

2. Nyumba yako ikaamua kwamba anayelala kwa utulivu ni Njenga, na anayelia ni Muigai. Sikushauriwa.

3. Jumapili, nikinywa chai sebuleni kwako pamoja na wageni wa kanisa, nilimsikia Mama Waceke chumbani: "Kabura, njoo umwone huyu Muigai, amejinyea tena." Wageni walinitazama mimi.

4. Juzi walilia wote watatu. Stephen akasema, "Leo akina Muigai wamezidi." Maana yake ni kwamba hata wewe ukikosa adabu, unakuwa mimi.

5. Jirani yako Priscah alinisimamisha sokoni. "Mwalimu, tumbo linaendeleaje?"

6. Kiarie yuko Nakuru na hasikii lolote.

Basi naomba kilio kigawanywe kwa zamu. Hilo likishindikana, tubadilishane majina wewe na mimi, tuone kama Njenga ataendelea kulala. Bora zaidi, nimempata muuguzi aliyewapokea. Anakumbuka kwamba wa pili alizaliwa na baka dogo kisogoni, ambalo sasa limefunikwa na nywele. Jumamosi nitakuja na kinyozi. Wanyolewe mbele ya wazee, Muigai halisi ajulikane.

Nisalimie Mama Waceke, ambaye sina ugomvi naye, Stephen, wageni wale wa kanisa, na wajina wangu, yeyote yule.

Mimi mkweo mwenye subira,
Mwalimu Muigai (mstaafu)

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Kabura alikuja kunisalimia, akaniachia watoto akaenda dukani. Nilimbeba mmoja nikamsimulia habari za ukoo wetu, kwa kuwa huenda ndiye Muigai. Nikambeba wa pili kwa sababu hiyo hiyo, kisha wa tatu. Wakinyolewa, nitabaki na mmoja. Kinyozi nimemwambia asije. Wakilia, endeleeni kuniita.