Gundi Kwenye Bunduki ya Baba Mkwe

4 Machi, Jumatatu
Baba mkwe ameniachia bunduki yake ya shabaha. Komeo la kufungia risasi kabaki nalo mwenyewe, ananijua. Jumapili ni shindano lake la mwisho klabuni. Macho yamemgomea na daktari amesema basi. Kasisitiza nipanguse vumbi tu. Vumbi tu! Kazi hiyo angempa mwanyumba wangu, yule fundi saa aliyemwoa dada wa mke wangu, anayesifiwa kila tukikaa mezani. Mimi nimeona kasoro: chuma kinacheza ndani ya kitako cha mbao. Nimenunua gundi ya kuchanganya, ile ya makopo mawili. Unaimwaga kwenye mbao, unalaza chuma juu yake, ikikauka hakichezi tena. Mzee atapigwa na butwaa.

5 Machi, Jumanne
Maelezo yanasema chuma kipakwe nta kwanza, gundi isikishike. Nimepaka. Nta ya viatu, nyeusi, kwa kidole, kila pembe. Kisha nikakitazama. Uchafu gani huu! Mali ya mkwe ilazwe hivi? Nikaisugua yote kwa spiriti mpaka nikaona sura yangu. Ndipo nikakilaza kwenye gundi na kukaza skrubu. Usafi ni tabia yangu, sijui nifanyeje.

6 Machi, Jumatano
Gundi imekauka. Imekauka vizuri mno. Nimefungua skrubu zote mbili, nimevuta: wapi! Nimepanda mezani, nimebana kitako kwa magoti, nimevuta tena. Meza ndiyo iliyosogea. Mbaya zaidi, gundi imepenya hadi kwenye kifyatulio. Hakisogei. Bila kukichomoa chuma, bunduki hii ni fimbo. Mke wangu alipita na kapu la nguo, akauliza nagombana na nani. Nikamwambia nanyoosha mgongo.

7 Machi, Alhamisi
Baba mkwe kapiga simu. Keshapiga pasi koti la klabu, siku tatu kabla! Akaulizia bunduki. Nikamwambia imetulia kabisa. Si uongo. Nikaigonga kwa nyundo ya mpira: kimya. Nikaipasha kwa mashine ya mke wangu ya kukaushia nywele: mashine ikafa. Nikamfikiria mzee Jumapili, kasimama na koti lake, mikono mitupu. Nimelia kidogo jikoni. Kidogo tu.

8 Machi, Ijumaa
Mke wangu kaikuta mashine. Nikakiri yote. Aliitupa mashine kwenye pipa la taka. Kisha akamwita mwanyumba. Yule yule! Alikuja na miwani yake ya kazini, akauliza kwa upole kama nimetoa skrubu zote. Zote mbili, nikamjibu kwa kifua. Akauliza ya tatu je, ile ndogo ya katikati. Akaikwangulia gundi kwa kisindano chake cha saa, akaifungua, akasema sasa tutafute baridi, chuma husinyaa. Mke wangu akatoa samaki wote kwenye friza. Bunduki ikaingia kwa mshazari.

9 Machi, Jumamosi
Tumeitoa asubuhi, nyeupe kwa barafu. Mwanyumba kashika mtutu, kagonga kitako mara tatu. Ko! Ikaachia. Nikamkumbatia kabla sijajizuia. Akasafisha kifyatulio, akaunganisha kila kitu, akasema mzee asisumbuliwe na habari hizi. Nilikubali upesi.

10 Machi, Jumapili
Mzee kawa wa pili. Wa pili, na macho yale! Kasema bunduki haijawahi kumtulia begani namna hii, akauliza nani kaifanyia kazi. Mwanyumba akanitazama. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikasema ni mimi. Mzee akanishika bega, machozi yakimlengalenga. Sijawahi kufurahi hivyo.
Mwenyekiti wa klabu alikuwa anasikiliza. Jioni kaniletea bunduki yake, aliyoachiwa na marehemu baba yake.
Nimekaa na yale maelezo, nikalitafuta kosa langu kwa haki, bila kujipendelea. Nimelipata. Ni nta! Nta ndiyo iliyoleta uchafu, uchafu ukaleta spiriti, spiriti ikaleta balaa lote. Hii ya mwenyekiti sikuipaka hata chembe. Gundi nimeshamwaga, chuma kimelala, na skrubu zote nimezikaza barabara.