Wagiriki Mia Tatu, Wawili Wawili

Jumatatu, 4 Machi 1974

Masanduku sita ya sinema yameshuka leo kwenye treni ya Kongolo. Niliyaandikisha mwenyewe. Ndiyo kazi yangu stesheni, kuandika mizigo iliyofika na, mara nyingi zaidi, ile isiyofika. Miaka kumi na mmoja. Katika miaka hiyo hakuna mtu hapa Kindu aliyewahi kunyamaza ili anisikilize.

Sasa ipo nafasi. Cercle, klabu ya wafanyakazi wa reli, inatafuta msemaji mmoja wa kudumu, mtu wa kukaa karibu na pazia na mikro ya kupaza sauti, ageuze Kifaransa cha sinema kuwa Kiswahili. Tumebaki wawili: mimi, na Sumaili fundi cherehani, aliyeacha shule darasa la tano. Yeye atasema Ijumaa, mimi Jumamosi, filamu ile ile. Jumapili Citoyen (Mwananchi) Okito, rais wa cercle na mtu wa Chama, atachagua.

Filamu ni ya Wagiriki wa kale. Nimesoma karatasi iliyokuja nayo. Kikosi cha mji wa Thebes, askari mia tatu, waliokula, kulala na kufa wawili wawili. Karatasi inasema kila askari alipigana pamoja na cousin wake, yaani binamu. Nikacheka peke yangu ofisini. Shuleni kwa mapadri tulikuwa na kitabu chenye habari hiyo, na padri alikuwa amezigandisha kurasa mbili kwa gundi. Zéphirin, mwenzangu wa darasa, na mimi tulizibandua kwa mvuke wa sufuria ya mchele. Zéphirin alitafsiri, mimi nilishika kifuniko. Hawakuwa cousins. Walikuwa wapenzi, mwanaume kwa mwanaume, na mji wao ulijua na uliwaheshimu.

(Serikali sasa inamwita Zéphirin kwa jina la Kalume, kwa kuwa majina ya ubatizo yamekatazwa. Daftari hili si la serikali.)

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza. Nilimweleza Citoyen Okito kwa siri kwamba ndani ya filamu kuna jambo limefichwa, na kwamba fundi cherehani hataweza kulificha tena kwa Kiswahili. Anatakiwa mtu aliyesoma. Akauliza jambo gani. Nikaeleza kwa Kifaransa, nikaongeza Kigiriki kidogo. Kisha akauliza kama jambo hilo linapatana na authenticité, ile siasa ya Chama ya kurudia asili yetu. Nikajibu kwamba kwa Wagiriki hiyo ndiyo ilikuwa authenticité yao.

Jibu baya. Alifungua kifungo cha juu cha abakosti yake, lile koti la Chama, na kuamuru kwamba katika ukumbi wake askari hao watakuwa ndugu, baba mmoja mama mmoja, na asisikie zaidi.

Nilidhani atamwondoa Sumaili. Badala yake amenituma nimpelekee Sumaili amri hiyo.

Jumatano, 6 Machi

Mpango wa pili, bora kuliko wa kwanza. Nimeipeleka amri, lakini nimeirekebisha. Nilimwambia Sumaili kwamba rais anataka aseme "mapacha". Mji mmoja wenye mapacha jozi mia na hamsini, wote wanaume, wote askari! Watu watamcheka mpaka akimbilie Alunguli, ng'ambo ya mto.

Sumaili aliuliza kwa nini asiseme ndugu tu. Nikamwambia kwa Kigiriki ni neno moja. Alinishukuru sana, aliniita mwalimu, akanikatia kipande cha flaneli cha kufunika mikro ili isikwaruze zamu yangu itakapofika. Nilikipokea. Sikulala vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Tumeangalia filamu sisi watatu, kwa kujaribu. Nimechukua maelezo, kurasa kumi na nne.

Filamu hii ina woga. Mwanzoni kapteni anambusu mwanamke mwenye nywele za njano, ili sote tujue kapteni ni mtu wa namna gani. Mwanamke huyo haonekani tena. Baada ya hapo ni kapteni na mwenzake. Mmoja anamfunga mwingine kamba za vazi la vita, polepole, kamba moja moja. Wanaangaliana. Na kila wanapoangaliana, picha inahamia kwa farasi. Nimehesabu farasi kumi na mmoja.

Citoyen Okito aliridhika. Alisema ni filamu safi, na farasi ni wazuri. Sumaili aliuliza yule mwanamke amekwenda wapi. Nikamwambia amekwenda sokoni. Alikubali.

Ijumaa, 8 Machi

Zamu ya Sumaili. Kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga, kisha kikaacha.

Aliposema mapacha, ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mtu mmoja aliomba aonyeshwe mama yao, apewe medali. Mwingine akasema baba ndiye wa kupewa pole. Sumaili alicheka pamoja nao. Huo ndio ubaya wake, ukimcheka anaketi upande wako.

Lakini sanduku la sita, la mwisho! Vita imekwisha. Mfalme wa kaskazini aliyewashinda anapita kati ya maiti. Wamelala wawili wawili, kama karatasi ilivyosema, na hapa hakuna farasi hata mmoja. Mfalme analia. Kifaransa kilikuwa kinaeleza tena habari za cousins. Sumaili hakukitafsiri. Halafu akasema kwenye mikro, bila haraka: "Wandugu, mie nimechoka kuwadanganya. Hawa wanaume walikuwa wanapendana. Njo hivyo tu."

Nilingoja kelele. Hazikuja. Zawadi, yule mama muuza makayabu, samaki wa chumvi, alijifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Watu walitoka kama wanaotoka kwenye kilio.

Nani alimwambia? Hakuna. Alitazama tu.

Jumamosi, 9 Machi

Zamu yangu. Nilisimama na kurasa zangu kumi na nne. Nilifunika mikro kwa flaneli ya Sumaili, na sauti ilitoka safi kabisa, kila neno. Ingekuwa heri ingekwaruza.

Nilianza kwa amri ya rais. Nikasema hawa ni ndugu wa damu, baba mmoja mama mmoja. Sauti kutoka benchi la nyuma: "Papa Kabongo, jana walikuwa wanapendana, leo njo ndugu? Wamebadilika usiku mumoja tu?" Nikaendelea. Nikaeleza maana ya farasi. Wakaanza kuita jina la Sumaili.

Zawadi alisimama, na alipoanza kusema wakamnyamazia, mara moja, kitu ambacho mimi sijawahi kufanyiwa. Hakuwa na hasira, alisema kama anayemrekebisha mtoto. "Papa Kabongo, mie nimezika kaka, nimezika na bwana. Kilio iko mbili. Ile ya jana ilikuwa ya bwana."

Nilikuwa na jibu ukurasa wa kumi na mbili, ila sikuupata upesi. Kufika sanduku la nne nilikuwa nawasemea wafagiaji.

Jumapili, 10 Machi

Citoyen Okito amemchagua Sumaili. Nilimkumbusha kwamba Sumaili alivunja amri, na mimi niliitii. Alisema anajua. Alisema watu wakitoka kimya hiyo ni nidhamu, wakitoka wakipiga kelele hiyo ni siasa, na yeye siasa hataki.

Sumaili alikuja nyumbani kuniomba nimsaidie maneno magumu ya Kifaransa. Hakutaja mapacha. Nilisema nina homa.

Kanku, mke wangu, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliniuliza kwa nini nilikazana hivyo na neno ndugu, ilhali watu wote waliona kwa macho. Nikamweleza kuhusu amri. Alitwanga kidogo, kisha akasema, akiniita kwa jina la mtoto wetu: "Baba Ngoyi, mwaka ule Zéphirin alipopelekwa kufundisha Kibombo, juma zima hukula." Nikamwambia nilikuwa na malaria. Akasema malaria huwa haikai stesheni kila jioni kuangalia treni ya Kibombo. Hakusema kwa ubaya. Aliniwekea sombe na samaki mkubwa kuliko wake.

Sijui mambo hayo yanahusiana vipi na filamu.

Mpango wa tatu. Mwezi ujao inakuja filamu ya Warumi, na Sumaili hajui Kilatini. Zéphirin anakijua. Nimemwandikia aje juma hilo na treni ya Alhamisi, tuketi pamoja mbele, tumsahihishe Sumaili mbele ya watu wote. Barua ilinichukua saa mbili, karibu zote kwenye mstari wa kwanza. Niliandika "Mpendwa wangu", nikafuta. Niliandika "Ndugu", nikaona haitoshi, nikafuta. Mwishoni nimeandika "Cousin".

Yeye ni Mrega wa Pangi, mimi Muluba wa Kasai, makabila mawili. Hakuna atakayeuliza.