Namna ya Kumshinda Daktari Isobe

Jumatatu, 6 Januari
Mazoezi ya majira ya baridi yameanza. Saa kumi na mbili asubuhi, miguu mitupu, na mbao za ukumbi zinatuma baridi hadi kwenye magego. Nina furaha isiyo na mfano. Mwalimu Otsubo ametangaza kwamba Jumamosi, kabla ya kula mochi, zile keki za mchele za mwaka mpya, mimi na Daktari Isobe tutapambana kwa pigo moja tu. Mshindi ndiye nahodha wa timu kwenye mashindano ya wilaya. Nahodha! Yule anayeingia mwisho, watu wameshika roho mkononi.

Isobe ni daktari wa meno. Tulianza pamoja kendo, mchezo wa kupigana kwa panga za mianzi, tukiwa bado na makamasi puani, sasa tuna vitambi, na sijawahi kumshinda. Kupigwa nimezoea. Kinachoniudhi ni kwamba kila akinigonga kichwani, juu ya kofia ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, huniuliza kama nimeumia. Tena kwa upole.

Jumanne, 7 Januari
Siri nimeipata, na nimeipata bure. Leo Mwalimu alisema mtu anayevuta pumzi hawezi kupiga. Umkate hapo hapo. Wote tuliitikia kwa kishindo, wenzangu wakasahau papo hapo. Mimi sikusahau. Shida ni kwamba Isobe akishavaa vile vyuma vya usoni, hujui kama anapumua au amekufa. Nimwone wapi basi, kwa karibu, ametulia, ana kitu chenye ncha mkononi?

Nimepiga simu kliniki. Kesho saa saba mchana. Mke wangu Fumie akauliza ni jino gani linaloniuma. Nikamwambia bado sijaamua.

Jumatano, 8 Januari
Upelelezi umefana. Nimelala chali chini ya pua ya adui na nimeona kila kitu. Kabla ya kuchokoa, Isobe huvuta pumzi, na bega lake la kulia hupanda kidogo, kama mtu aliyeguswa na mdudu. Kila mara, bila kukosa.

Gharama zilikuwepo. Isobe alisema meno yangu ni mazima kama ya punda, niende zangu nyumbani. Nikamsihi atazame tena. Nilihitaji kuliona lile bega zaidi. Akatazama tena kwa bidii ya mtu muungwana, mpaka akapata tundu nyuma kabisa. Akaanza kulichimba. Katikati ya kazi akauliza, “Kaka Murozono, mbona unalikodolea macho bega langu?” Nilikuwa na pamba mdomo mzima. Nilijibu kwa heshima, haikueleweka.

Jioni nusu ya supu iliishia kwenye kola ya shati. Ganzi. Fumie alinifunga kitambaa cha jikoni shingoni, akaniongezea supu.

Ijumaa, 10 Januari
Jana na leo nimeficha silaha yangu. Nimejiachia nipigwe kichwa, mkono, ubavu, ili Isobe asishtuke. Ameuliza kama nimeumia mpaka sauti imemkauka. Kila anapovuta pumzi naliona bega, nami natulia. Uvumilivu wa namna hii unastahili kuandikwa vitabuni.

Mwalimu Otsubo, ambaye ana miaka themanini na masikio ya paka, aliniita pembeni. Akasema kwamba ninacheka ndani ya kofia. Nikakana. Akasema hajaniona, amesikia miguuni. “Murozono, wewe uko kesho. Na kesho haina kichwa cha kupiga.” Nikainama. Moyoni nikasema, kesho kipo kichwa, tena nakijua kinakaa wapi.

Jumamosi, 11 Januari
Andika polepole.

Utepe wangu wa mgongoni ulikuwa mwekundu, wake mweupe. Waamuzi watatu, kila mmoja na bendera za rangi hizo mbili. Tukainuka. Isobe akasogea nusu hatua, akavuta pumzi, bega likapanda. Nikaingia! Ukelele, mguu, upanga wa mianzi, vyote mara moja, na kichwa chake kikalia kama bomba tupu. Mimi ni muuza mabomba, nazijua sauti. Bendera tatu nyekundu zikapanda juu. Maisha yangu yote nilikuwa naungojea mlio ule.

Basi mkono wangu wa kulia, bila kuomba ruhusa, ukaachia upanga ukapaa hewani ukiwa ngumi. Inasemekana pia nilirukaruka. Hilo silikumbuki.

Bendera zikashuka, zikapungwa chini, kushoto na kulia. Pigo limefutwa, eti nimeshangilia. Nilimtazama Mwalimu. Akasema upanga ule ungekuwa wa chuma, yule angekuwa maiti. Akauliza ni nani amenifundisha kucheza ngoma kwenye matanga ya mtu niliyemkata mwenyewe.

Tukaanza upya. Nilikuwa bado natafakari uonevu huu Isobe aliponigonga. Kisha akarudi kwenye mstari wake, akainama, uso kama wa mtu aliyefiwa. Kisha akaniuliza kama nimeumia.

Wakati wa mochi alikuja kuketi karibu yangu. Akasema hajawahi kukatwa vizuri namna ile, hakuona hata upanga ulikotoka. “Timu itaongozwa na marehemu, ndugu yangu.” Nikachukua mochi nyingine. Nilitaka kumchukia na sikupata pa kuanzia.

Jumapili, 12 Januari
Kosa nimelijua. Ni mkono tu. Mimi mwenyewe sina tatizo. Mashindano ya klabu yatakuwepo tena majira ya kuchipua, kwa hiyo nimeanza kujizoeza kushinda bila kufurahi.

Isobe ni mto wa kulalia, umefungwa kwenye mlango wa kabati. Fumie ni mwamuzi, mwenye taulo. Pigo la kwanza nilitabasamu, akakataa. La pili nilimuuliza kama ameliona, akakataa, akasema, “Baba Chika, nina wali motoni.” La tatu nikapiga, nikapita, nikageuka, upanga mbele, uso umekauka kama ubao. Hata kope halikucheza. Taulo likapanda juu.

Nimeweza! Nimeweza kabisa! Niliruka mpaka nikaipiga taa ya dari kichwa.

Fumie akalipunga taulo chini, kushoto na kulia, akarudi kwenye wali wake.

Nimekata rufaa.