Bermuda ya Nyuma ya Vyoo

Haya yote ni kweli tupu, Opal, weka birika la kahawa chini usikie, wateja wengine watasubiri. Mimi mwenyewe sikukanyaga pale, nilihadithiwa tu. Lakini mkinikamata na uongo hata punje, pai za meza hii nzima nalipa mimi.

Lyle Pruett alikuwa mtu mwaminifu sana: hakuwahi kumwibia mtu aliyekuwa akimtazama. Kampuni moja ya teksi ilipokufa huko Toledo, alitoa pikapu yake, mali pekee aliyokuwa nayo duniani, akapewa shehena ya redio za upepo zilizong'olewa kwenye teksi.

"Binamu," alimwambia Dwight, mwenye kigari kibovu cha mizigo, "wazee wa redio za ridhaa, wale wanaopiga soga hewani kwa kujifurahisha tu, watazigombania kama kuku na mtama. Zisipouzika, narudi nyumbani kwa miguu maisha yangu yote."

Lakini redio ya teksi huongea na redio za teksi nyingine tu. Ili mwanaredio wa ridhaa aitumie, sharti ifunguliwe na kubadilishwa masafa, moja baada ya nyingine, kwa subira. Lyle alijaliwa vipaji vingi, subira haikuwamo. Alizipaka mafuta ya kupikia zing'ae, akabandika karatasi: TAYARI KWA MASAFA YA RIDHAA. Kazi ikaisha.

Jumamosi, kwenye gulio la redio, akapanga meza yake. Dwight akajificha garini nyuma ya vyoo, na redio moja na pai ya cheri.

"Bermuda, Bermuda, unanipata?" Lyle akaita mbele ya wazee.

"Nakupata safi!" redio ikajibu kwa sauti ya puani. "Huku ni jua tu na mawimbi."

Wazee waliobishana asubuhi nzima juu ya kipande cha waya sasa wakasukumana kama watoto kwenye bembea. Hakusukumana na mtu Verlene Stahl, fundi simu mstaafu mwenye kofia ya majani.

"Huyo wa Bermuda, alama yake ya wito ni ipi?"

Lyle akaifuta redio mafuta kwa kiwiko. Mwanaredio wa Ohio husahau jina la mkewe kabla ya kusahau alama yake ya wito, zile herufi na namba za leseni yake.

"Ana haya, mama."

"Mwanaredio mwenye haya! Huyo lazima nikamwone. Ongea naye, mwanangu, usimkatishe."

Akachomoa antena aliyoiunda kwa futi ya chuma ya seremala. Kuwinda redio iliyofichwa ndio mchezo wao wa kila Jumapili baada ya kanisa. Akazungusha kipokezi mpaka akaidaka Bermuda, palepale kwenye masafa ya teksi. Antena ikageuka, ikaipa bahari kisogo, ikaelekea vyooni. Gulio zima likamfuata, na Lyle nyuma yao.

Mlango wa gari ukafunguliwa. Dwight alikuwa na mdomo uliojaa: "...mawimbi yanapiga mchanga..."

"Pole na bahari," Verlene akasema. Akamgeukia Lyle. "Kurusha sauti kwenye masafa ya teksi bila leseni, mwanangu, serikali haicheki. Au niachie shehena yako, nami nikupe redio yangu ile ya mezani kwangu, usiende mikono mitupu."

Ilikuwa redio kubwa, nzito, ya bei mbaya.

"Umenionea, mama," Lyle akalalama, moyo ukimcheza ngoma.

Barabarani, ndani ya kigari cha Dwight, alicheka mpaka akapaliwa. "Bibi mjinga! Hii peke yake ni pikapu mbili!"

Akafungua skrubu. Ndani mlikuwa na tofali. Alilitambua mara moja, kwani alilichagua mwenyewe mwaka jana, alipomuuzia redio hiyo mzee mmoja wa Fort Wayne. Mzee Stahl, jina lilelile la mama wa kofia ya majani. Akalipakata lile tofali na kulia kimyakimya, huku kule gulioni redio zake zikianza kufunguliwa, moja baada ya nyingine, kwa subira.

Opal hakulicheka tofali. "Mzee, mle garini walikuwa wangapi?"

"Wawili tu."

"Na Lyle hawezi kuisimulia aibu yake." Akaniinamia, akanifuta cheri kwenye sharubu. "Jua la huko Bermuda, kali sana?"

Meza nzima ikaagiza pai. Wengine wakaongeza aiskrimu. Nikatoa pochi.