Kichwa cha Kondoo na Baba Aliyetoka Angani

Jumanne, 3 Oktoba
Filamu yangu imeanza! Naigiza baba anayeruka angani. Huko juu, kwa kasi ile, miaka haikimbii kama huku kwetu, basi anarudi bado ana arobaini na tano, na mwanawe aliyemwacha mchanga sasa ni mzee wa ndevu nyeupe. Mzee huyo anaigizwa na baba yangu mzazi, Sagyndyk. Mke wangu Kulyash, anayepiga picha kwa simu, kauliza mara tatu nani kamzaa nani. Sayansi imempita kando. Chombo chetu cha angani ni banda la kuku, lile lenye bati la roketi iliyodondoka nyikani. Kuku wamegoma kutoka. Haya, watakuwa abiria.

Jumatano, 4 Oktoba
Balaa! Tulipiga picha ya karamu ya kurudi nyumbani. Kichwa cha kondoo kikawekwa mezani, nami nikanyoosha mkono. Baba akapiga meza, maziwa ya farasi yakamwagika. Tangu lini mtu mwenye baba aliye hai akagusa kichwa? Eti namzika angali anapumua! Nikamweleza kwa upole kwamba kwenye filamu baba ni mimi. Hapo ndipo alipotafuta fimbo.

Alhamisi, 5 Oktoba
Baba hasemi nami. Kafunga bakuli lake la chai na tandiko la farasi ndani ya blanketi. Kaka yangu Tolegen atamfuata Jumamosi, akaishi naye mjini. Na mimi ndiye kitinda mimba! Kwetu baba huzeekea kwa kitinda mimba. Akiondoka uso wangu nitauweka wapi? Tena nyumba isiyo na kikohozi chake cha asubuhi siitaki, basi! Kulyash kasema niombe radhi na nilifute onyesho hilo. Nifute? Ng'o!

Jumamosi, 7 Oktoba
Tolegen kaja kavaa suti. Kaniita rubani wa kuku. Nikamwambia kuwa Baba hatoki humu kabla karamu haijapigwa picha upya, maana kondoo wa pili sina na kichwa kimeshachemshwa mara tatu. Nikavaa kofia yangu ya angani, ndoo ya kukamulia. Ikakwama! Mle gizani nikasikia watu wakivuta ndoo na Tolegen akicheka hadi akapaliwa.

Ilipochomoka, Baba alikuwa ameketi mahali pake, kisu mkononi, kichwa mbele yake. Simu inarekodi. Akasema maneno ambayo sikumwandikia: eti amemngoja baba yake maisha mazima, hawezi kuhama siku ile ile baba huyo aliporudi. Kisha akakata sikio la kondoo akanipa mimi, lile wanalopewa watoto ili wajifunze kusikia. Mbele ya Tolegen! Nikalila lote. Nililia pia, wala sioni haya. Tolegen karudi mjini peke yake, suti imejaa manyoya.

Jumapili, 8 Oktoba
Tandiko limerudi ukutani. Kikohozi kimeniamsha alfajiri, raha tupu. Kulyash kauliza kama lile sikio limenifunza kitu. Sana! Limenifunza kwamba Baba ni mwigizaji hodari, nami nilimpa kazi ndogo. Sasa ataruka yeye, kwa kasi kunizidi, arudi akiwa mtoto mchanga, mimi nimbembeleze. Kulyash kasema nisithubutu. Nimeshathubutu. Seremala anachonga kitanda cha mtoto, cha kumtosha Baba na miguu yake yote.

Baba bado hajaambiwa.